Umekubaliwa kwenda kuchora Ireland? Tafuta pembe moja ukae nayo

Nimeandikiwa na binti mmoja aliyehitimu sanaa Bagamoyo. Amepata nafasi majira haya ya joto kwenye programu ya ukaazi wa wasanii magharibi mwa Ireland, shamba kabisa, mbali na mji. Chumba anacho, studio anayo, kilichobaki ni yeye kujiandaa. Ila moyo umemwingia baridi, maana nyumbani wanamuuliza kila siku atachora nini huko, mawe na mvua?

Mdogo wangu, ndiyo. Mawe na mvua. Ukienda na nia hasa, vitakutosha na kubaki.

Nimeshamjibu pembeni, lakini maswali kama yake yamekuwa mengi tangu michoro yangu ya Burren, nchi ya mawe huko Ireland, ilipotundikwa kwenye maonyesho Unguja mwaka huu, na najua unayesoma hapa unatamani kile kile nilichokitamani mimi: muda wa kufanya kazi bila kukatizwa, mahali pa kuifanyia, na mtu wa kuiangalia kwa makini ikiisha. Kwa hiyo naandika yote mara moja.

Mimi nilikwenda nikiwa mwanafunzi Marekani, pamoja na darasa langu. Mambo ya ndege na kugawiwa vyumba nayaruka. Nianze pale tulipofika.

Burren iko kaskazini mwa Kaunti ya Clare, ufukweni mwa Ghuba ya Galway upande wa kusini. Ni vilima vya mawe ya chokaa, rangi ya kijivu, yamelala mabamba kwa mabamba, na kati ya bamba na bamba kuna mipasuko inayoweza kumeza mguu mzima. Ukisimama barabarani utaapa kwamba hapaoti kitu. Ukiinama, ndani ya ile mipasuko mna majani mabichi na maua madogo ya kila rangi, na mimea ya nchi za barafu imeota jirani na mimea ya Mediterania. Wafugaji wa huko hupandisha ng'ombe vilimani wakati wa baridi na kuwashusha joto likianza, wakati kwingine Ulaya desturi ni kinyume chake. Ng'ombe wanakula majani magumu majira yale, na maua yanapata nafasi ya kutoka yakifika majira yake. Kwa hiyo ule uzuri unaouona una mkono wa mtu na mdomo wa ng'ombe ndani yake. Kitu kama hicho kinabadilisha namna unavyochora, kwa sababu unaacha kuiona ile ardhi kama pori tupu.

Sasa sikiliza. Mimi nimezaliwa kusini mwa Unguja, kwenye ardhi ya mawe, ambako muhogo unaupanda kwenye kishimo cha udongo kilichobaki katikati ya jiwe. Jiwe letu ni matumbawe ya zamani. Siku ya kwanza nilipotoka peke yangu kule Burren nikapiga magoti kuangalia jiwe kwa karibu, nikaona matumbawe. Yamegeuka jiwe gumu, lakini umbo lake ni lile lile ninalolijua tangu nikiwa mtoto. Baadaye nikasoma kwamba mawe yale yana umri wa miaka kama milioni 330, na yalipokuwa yakijijenga chini ya bahari ya uvuguvugu, kipande kile cha dunia kilikuwa karibu na ikweta. Yaani jiwe lile lilizaliwa kwenye joto kama letu, kisha likasafiri na ardhi yake mpaka kwenye mvua.

Sikusema neno. Wenzangu walikuwa wanapanga safari za kwenda kwenye majabali ya Cliffs of Moher na Visiwa vya Aran, na kila wikiendi gari lilikuwa linaondoka. Mimi nilitafuta pembe moja, mahali ambapo kuta mbili za mawe zinakutana, nikaamua kukaa hapo.

Huu ndio ushauri wangu wa kwanza na kwa kweli ndio ninaouamini kuliko mingine yote: tafuta pembe moja ukae nayo. Majira ya joto ya huko yanaonekana marefu kwenye kalenda, lakini yanapita mbio, na mvua itakula sehemu yake. Anayekimbilia kila mandhari anarudi na picha ambazo watalii wamezipiga tayari kwa simu. Nenda Poulnabrone ukaone kaburi la mawe lenye zaidi ya miaka 5,000, nenda mara moja, simama kwa heshima, rudi kwenye pembe yako.

Kuta zile hazina chokaa wala saruji. Mawe yamepangwa tu, na kati yake kuna nafasi unayoweza kuona mwanga upande wa pili. Niliuchora ule mwanga siku nyingi kabla sijaijua kazi yake. Aliyenieleza ni mzee mmoja mfugaji, mwenye shamba lenyewe, aliyekuwa akipita na mbwa wake. Alinionyesha kwa kiganja: upepo wa bahari ya Atlantiki unapenya kwenye nafasi zile, ndiyo maana ukuta hauanguki. Akaniuliza kwetu tunajengea nini. Nikamwambia mawe kama haya, na nikamwambia kuhusu babu yangu, mchoma chokaa. Unapanga magogo ya mnazi kwa duara, juu unarundika matumbawe, unatia moto, na asubuhi jiwe limekuwa jeupe la kusagika mkononi.

Mzee akaniambia nimfuate. Tulipita malango mawili na uwanja wa ng'ombe, na nyuma ya vichaka vya miiba akanionyesha tanuri. Tanuri la chokaa, ndugu zangu. Limejengwa kwa mawe, limezama ubavuni mwa kilima, mdomo wake chini umezibwa na magugu. Mawe ya chokaa na kuni za udongo mkavu wa kinamasi vilikuwa vikipangwa tabaka juu ya tabaka, na chokaa iliyopatikana ilipakwa kwenye nyumba na kumwagwa mashambani ili udongo mchachu upoe. Yapo mengi Ireland nzima, yameachwa. Baba yake yule mzee aliwahi kulitumia.

Nikahama pembe yangu, nikakaa na tanuri lile mpaka programu ilipomalizika. Nilichora kwa makaa, makaa juu ya karatasi nyeupe, na sikuhitaji kitu kingine. Nililichora asubuhi lina ukungu na jioni lina jua, na jioni za huko usizichezee: mwezi wa Juni jua linazama baada ya saa nne usiku, na mwanga unabaki angani baada ya hapo. Kwa sisi tunaoswali, Magharibi inaingia saa ambayo kwetu watu wameshalala, Isha karibu na usiku wa manane, na Alfajiri inakufuata upesi. Mimi nilijipangia kulala mchana kidogo baada ya Adhuhuri, na zile saa ndefu za jioni nikazifanya ndiyo saa zangu za kazi. Hakuna studio duniani iliyonipa mwanga kama ule.

Sasa nifike kwenye linaloniuma, kwa sababu bila kulisema huu ushauri utakuwa nusu.

Tuliporudi chuoni Marekani kila mmoja alitundika kazi zake zijadiliwe. Wenzangu walikuwa wamechora kuta, kondoo, mawingu. Walisifiwa kwa utulivu, kwa mstari, kwa mwanga. Ilipofika zamu yangu, mwalimu mmoja ambaye hakuwa nasi safarini alisimama mbele ya matanuri yangu akaniuliza Afrika iko wapi katika kazi hizi. Alitaka kuona rangi. Alitaja kanga, alitaja majahazi. Nikamweleza babu yangu alichoma chokaa. Akasema hilo halionekani kwenye karatasi, akasogea kwa mwingine.

Miaka imepita na bado nikilikumbuka kifua kinabana. Wale wengine waliochora shamba lile lile hakuna aliyewauliza mji wao wa Marekani uko wapi kwenye picha. Wao walipewa ruhusa ya kuona jiwe kama jiwe. Mimi niliambiwa nirudi nyumbani kwa penseli.

Michoro ile ile, bila kuongezwa mstari, ndiyo iliyotundikwa Unguja mwaka huu. Bibi mmoja wa Makunduchi aliingia na mjukuu wake, akasimama mbele ya mchoro mkubwa, hakusoma maelezo ukutani, akaniuliza: "Mwanangu, hili tanuri la wapi?" Aliliona. Hakuhitaji kanga wala jahazi. Nilipomwambia ni la Ireland alishangaa, akaanza kumweleza mjukuu jinsi mumewe alivyokuwa akipanga magogo. Nilitoka nje nikalia, na si kwa huzuni.

Ndiyo maana nakuambia, na ningependa uliandike mahali utakapoliona kila siku: usimruhusu mtu akupangie kitu cha kuona. Si mwalimu, si mfadhili, si mjomba anayesema huko hakuna cha kuchora. Wewe umepewa macho na umepewa muda. Kijana wa Kiafrika akienda nje anatarajiwa abebe Afrika mgongoni na aifungue kila anapoulizwa, na wengi wetu tunakubali kwa sababu tunaogopa kupoteza nafasi. Usikubali. Kaa na pembe yako, chora unachokiona, na kwenu kutaingia kwenyewe kwa mlango wake.

Vya kuchukua, nitasema haraka. Karatasi nzito, makaa, wino, ubao wa kuchorea na vibanio vyake, maana upepo wa huko unapokonya. Rangi za maji hukawia kukauka kwenye ule unyevu, na rangi za mafuta zaidi, utasafiri nazo mbichi. Tapentaini na dawa ya kupulizia makaa yasifutike usivitie kwenye mizigo ya ndege, havikubaliwi, nunua mjini Galway. Vijijini duka lina maziwa, mkate na viazi, halina karatasi ya kuchorea. Ukiwa upande wa Ballyvaughan kuna basi nambari 350 linalopita hapo kwenda Galway, na mjini utapata pia nyama halali. Siku nyingine samaki, mayai na viazi vinatosha. Buti za mpira, koti la mvua la kweli, soksi za sufu. Usidanganywe na neno "majira ya joto": nyuzi 18 na mvua ya kando, kwa mtu wa pwani, ni baridi. Na jiwe la Burren usilihamishe wala maua yake usiyachume. Wageni wanaopenda kurundika mawe kwa ajili ya picha wanaharibu ardhi iliyongoja muda mrefu kuliko sisi sote.

Kama bado unatafuta mahali pa kuomba, tazama tabia ya mahali kwanza. Burren College of Art, Ballyvaughan, iko kando ya Newtown Castle, mnara wa karne ya 16, na inapokea wanafunzi. Ballinglen iko Ballycastle, Kaunti ya Mayo, karibu na Céide Fields, ambako chini ya udongo wa kinamasi kuna kuta za mashamba za wakulima wa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kwa mtu anayependa mawe hapo ni pa kulilia. Cill Rialaig, Kaunti ya Kerry, ni nyumba za kijiji kilichohamwa, zikakarabatiwa kwa ajili ya wasanii, juu ya bahari. Tyrone Guthrie Centre, Monaghan, ilifunguliwa mwaka 1981 katika nyumba aliyoiacha mwongozaji wa tamthilia Tyrone Guthrie, na huko utakaa na waandishi na wanamuziki pia. Kama hujawahi kukaa peke yako na kazi, anza na programu yenye kikundi na mwalimu. Kama umeshazoea, nenda kwenye upweke. Popote utakapokwenda, tafuta pembe moja.

La viza ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo lisome mara mbili. Ireland haimo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, na viza ya Schengen haikuingizi Dublin wala Shannon. Unajaza ombi lako mtandaoni kwenye tovuti ya idara yao ya uhamiaji, unachapisha muhtasari, unausaini, ndipo unapeleka pasipoti na vielelezo. Kwa ukaazi usiozidi siku 90 ni viza ya muda mfupi. Barua ya mwaliko iandikwe wazi nani analipia chumba na chakula, na kama ni wewe, taarifa ya benki ioneshe hivyo. Angalia pia njia ya ndege, kwa sababu baadhi ya viwanja vya kubadilishia vinadai viza ya kupita. Ukiwa mwanafunzi Marekani kama nilivyokuwa, hakikisha viza yako ya kurudi Marekani bado hai na fomu ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi, imesainiwa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujaondoka. Nimemwona mwenzetu akibaki nyuma kwa saini hiyo tu.

Anza na viza wiki hii. Karatasi na makaa vinaweza kungoja.