Lupu ikishika, msishangilie kwanza

Wanangu, juzi nimeona tena: taa ya loki, ile inayosema lupu (PLL, saketi inayoshikilia masafa ya transmita yasiyumbe) imeshika, imewaka kijani, kijana kapiga makofi na kuanza kufunga boksi. VT, yaani volti inayoiongoza VCO (kitoa-masafa kinachofuata volti), hajapima, kristali haijapata joto, spektramu hata hajaitazama. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakunywa chai yake. Chai imekwisha.

1. VT kwanza. Kama chaji pampu, sehemu ya lupu inayosukuma mkondo kwenye filta kuiweka VT, inalishwa volti 5, katikati ya bendi ikae karibu na 2.5, kisha nendeni megahezi 88 na 108, miisho ya bendi ya FM, muone kama kuna nafasi pande zote. Koili izungusheni kwa bisibisi ya plastiki. Ya chuma inabadilisha indaktansi, ukiitoa tu masafa yanakimbia, halafu mnanijia "mzee, hii ina jini".

2. Flaksi, dawa ya kulehemu, oshani. Hewa yetu ya chumvi ikikutana na mabaki yake kwenye filta, mkondo unavuja, chaji pampu inajazia kila mzunguko, na mnapata ishara za uongo huku na huku ya keria (wimbi kuu la redio), umbali sawa na masafa ya rejea, yale yanayotokana na kristali ambayo lupu inajilinganisha nayo. Spiriti na brashi, basi.

3. Upana wa lupu, yaani mitikisiko ya kasi gani inaweza kuisahihisha. Hapa kaeni.

Zamani nilitengeneza eksaita ya FM (sehemu ya transmita inayotengeneza wimbi kabla ya amplifaya) kwa redio moja ya jamii huku Pemba. Umeme wetu unakuja kwa kebo ya baharini kutoka Tanga, na ukichezacheza redio huzimika. Meneja akalalamika kwamba umeme ukirudi, redio inakawia kuingia hewani. Nami kwa kujidai nikapunguza kapasita za filta, nikaongeza mkondo wa chaji pampu, upana ukapanda hadi mamia ya hezi. Ikawa inashika hata bismillahi hujamaliza. Nikaipima kwa toni ya kilohezi 1, divieshini (kiasi sauti inavyoyasogeza masafa) kilohezi 75 barabara. Nikafunga boksi, nikalipwa, nikapitia Wete kununua halua.

Usiku wakapiga taarab. Simu zikaanza. Bibi mmoja akasema ganuni anaisikia, fidla anaisikia, ila dumbaki limekuwa kama mtu anagonga kopo, na besi haipo kabisa. Nikamwambia redio yake mbovu, Mola anisamehe. Nikalaumu mikisa. Nikamgombeza kijana wa studio kwamba kaikata besi. Naye akanitazama tu, mtoto wa watu.

Mwisho nikaingiza toni ya hezi 50. Divieshini imebaki kiduchu! Nikaweka oskiloskopu kwenye VT, nikaiona hiyohiyo hezi 50 imekaa pale, imegeuzwa juu chini: lupu ilikuwa inaisahihisha besi, ikidhani VCO inayumba. Na ndiyo kazi yake. Chochote kinachoitikisa VCO polepole kuliko upana wa lupu kinafutwa, kiwe joto, kiwe dumbaki. Toni ya kilohezi 1 isingenionyesha hilo hadi kiyama.

Kwa hiyo eksaita ya FM iwe na lupu ya hezi chache tu. Ndiyo, itachukua sekunde kadhaa kushika; muda huo ishara ya loki iizime amplifaya ya mwisho, isije ikafagia bendi juu ya vichwa vya majirani. Meneja mwenye haraka anunue UPS. Filta ya kasi mbili inawezekana pia, pana ikitafuta, nyembamba ikishashika, ila swichi yake ikivuja rudini namba 2.

4. Redio za mawasiliano ni kesi nyingine: huko lupu pana inafaa, mradi isizidi sehemu ya kumi ya masafa ya kulinganishia.

5. Kristali irekebisheni boksi likiwa limefungwa na limeshapata joto, mkilinganisha na megahezi 10 ya GPS. Hezi 100 mlizozipuuza hapo zinakuwa kilohezi 1 kwenye megahezi 100.

6. Kapasita za seramiki aina ya X7R msitie kwenye filta. Ukigonga meza zinasikika hewani. Tumieni za filamu au C0G. Zimo droo ya pili, na aliyechukua ya mwisho bila kuandika daftarini namjua.