Bibi Amesahau, Siri Inavuja: Kwa Anayeandika Riwaya ya Vizazi

Wiki hii msomaji mmoja kanitumia ujumbe mrefu. Ana mswada wa kurasa 340, vizazi vinne, siri moja ya ukoo na bibi aliyepoteza kumbukumbu. Anauliza kwa nini kila anayempa asome anaishia njiani, tena karibu palepale, pale mjukuu anapofungua kasha, akakuta shajara na kusoma kila kitu. Jibu limo ndani ya swali lenyewe. Ila miswada ya namna hii ni mingi na inaugua ugonjwa mmoja, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Ugonjwa ni huu: bibi anafanywa kufuli. Yeye ndiye ajuaye, yeye kasahau, basi siri imefungwa mpaka shajara ipatikane. Huo ni uvivu, na msomaji anaunusa. Mtu anayepoteza kumbukumbu huivujisha siri, kwa sababu pamoja na majina na tarehe hupotea pia ile breki ya ulimi, ule ujuzi wa kwamba jambo hili halisemwi mbele ya watoto. Bibi wa riwaya yako angepaswa kuwa mtu wa hatari kuliko wote nyumbani, nawe umemkalisha kwenye kiti anatabasamu.

Kwa hiyo jifunze usahaulifu kabla ya kuchora mti wa ukoo. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot aliandika kwamba kumbukumbu za karibuni hupotea kabla ya zile za zamani, na kwa ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha demensia (kudhoofika kwa kumbukumbu na akili), kanuni hiyo inasaidia sana. Ugonjwa huanza kula mapema hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosajili mambo mapya. Ndiyo maana mgonjwa huuliza swali moja mara nne ndani ya saa moja, lakini anakutajia majirani wa utotoni nyumba kwa nyumba. Hali hushuka kwa miaka, haiporomoki wiki moja kwa sababu sura ya tano imefika. Na wengi huchanganyikiwa zaidi jioni. Mazungumzo ya maana yaweke jua linapozama, na asubuhi bibi awe mtulivu kiasi cha kumfanya mjukuu aonekane mwongo.

Lipo jambo jingine ambalo waandishi hawalijui, na lingewaokoa. Watu wazima wakiulizwa kumbukumbu za maisha yao, nyingi hurundikana kwenye umri wa miaka 10 hadi 30. Basi panga tukio la siri humo. Bibi aliyefanya kosa akiwa na miaka 19 atalirudia mwenyewe bila kuulizwa. Ukimpa kosa la miaka 48, utalazimika kumvuta ulimi kwa nguvu, na nguvu hiyo itaonekana kwenye karatasi.

Kingine ni mikono. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Hata hivyo mtafiti Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, alizidi kuwa stadi siku hadi siku, ilhali kila siku alisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Ustadi wa mikono una ghala lake. Mpe bibi kazi ya mikono, au wimbo, na siri nyingine ipitie huko: anabembeleza mtoto asiyekuwepo, anashona nguo ya kipimo kisicholingana na mtoto yeyote wa nyumba ile.

Halafu kuna kujaza mapengo. Mgonjwa akikosa kipande cha jambo anaweza kukitunga papo hapo, bila kujua kwamba anatunga. Hadanganyi, anaamini. Hii ni mali kwako, maana ushahidi wa bibi unakuwa na kweli tatu na uzushi mmoja, na mjukuu hajui upi ni upi. Hakikisha tu wewe unajua. Andika pembeni, sentensi kwa sentensi.

Mambo mawili uyaache kabisa. La kwanza ni lile rungu la kichwani linalofuta jina la mtu, kisha rungu la pili likamrudishia. Jeraha la kichwa kwa kawaida hufuta dakika, saa au siku zinazozunguka ajali, si nafsi nzima. La pili ni shahidi wa miaka miwili. Kumbukumbu za kwanza za watu wengi zinaanzia karibu na miaka mitatu au mitatu na nusu. Mtoto aliyekuwa na miezi 20 usiku ule hawezi kuja kusimulia rangi ya pazia.

Sasa tuangalie kwa karibu. Mjukuu anaitwa Rehema, ana miaka 31, hajazaa. Ni jioni, bibi yake Zuhura anakunja nguo.

*"Salma, mtoto umemwacha na nani?"*
*"Mimi Rehema, bibi."*
*"Usinifanyie utani. Umemwacha na nani? Mama akimsikia analia atatuua sote."*
*Rehema akashika upande wa pili wa shuka, wakakunja pamoja.*
*"Amelala," akasema.*
*"Afadhali. Mwache alale. Kesho anakuwa wangu."*

Hapo hakuna ufichuzi. Kuna jina la mtu mwingine, mtoto asiyejulikana na neno "kesho". Rehema amefanya dhambi ndogo ya kukubali kuwa Salma, na dhambi hiyo itamsumbua kuliko siri yenyewe. Asubuhi bibi hakumbuki. Rehema anampigia baba yake, Hamisi, na Hamisi anauliza kama bibi amekunywa dawa. Sura imekwisha. Mwandishi wa shajara angetumia kurasa sita kwa kazi hii.

Twende kwenye hesabu, ambako miswada mingi hufia. Chora jedwali kabla ya sura ya kwanza: safu moja kwa kila mhusika, na kila mwaka wenye tukio uwe na mstari wake. Katika kila kisanduku andika umri. Salma na Zuhura ni ndugu: Salma kazaliwa 1936, Zuhura 1938. Hamisi kazaliwa 1957. Rehema kazaliwa 1988. Hadithi ya sasa inatokea 2019: Zuhura ana 81, Hamisi 62. Kizazi kimoja kihesabu miaka 25 hadi 30, hivyo vizazi vinne vinakaribia karne nzima. Usipoandika umri utamkuta mama amezaa akiwa na miaka 54, au babu kaoa akiwa na 11, na msomaji mmoja makini atakuharibia jina. Vitu navyo vina umri. Barua ya 1925 haiandikwi kwa bolpeni, kwani mvumbuzi wake, László Bíró, alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya kalamu yake mwaka 1938.

Majina: katika kurasa 30 za mwanzo usizidishe sita. Watoto kurithi majina ya babu ni jambo la kweli, lakini kwenye karatasi ni balaa. Mrithi mpe jina la utani tangu siku ya kwanza, na herufi za mwanzo zitofautiane. Mti wa ukoo kwenye ukurasa wa kwanza ni msaada, si dawa. Tena uuangalie usije ukaifichua siri kabla ya sura ya kwanza. Imetokea.

Daftari la siri ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Wewe tafuta kata zote. Kila anayejua mwandikie mambo manne: anajua nini hasa, tangu lini, nani alimwambia, na anapoteza nini akisema. Katika mfano wetu, Salma kazaa kabla ya ndoa, na Zuhura, aliyekwisha kuolewa, kamchukua mtoto akamwita wake. Sawa. Nani alimwona Zuhura akiwa na tumbo? Mumewe alikuwa wapi miezi hiyo? Kama alikuwa safarini, aliondoka lini, na alihesabu miezi aliporudi? Mkunga alilipwa au aliogopeshwa? Mama yao ndiye aliyeamuru, sawa, lakini alikufa mwaka gani, na tangu alipokufa ni nini kinachowazuia wawili hawa kusema? Swali hili la mwisho likikosa jibu, huna riwaya. Siri hukaa miaka 60 kwa sababu kuna mtu ambaye kila mwaka anapata faida ikiendelea kukaa. Aibu peke yake huchakaa. Urithi, nyumba, heshima ya marehemu na upendo wa mtoto havichakai upesi.

Ukishajaza daftari, utaona kwamba kila kizazi kinaibeba siri kwa namna yake. Wa kwanza walitenda. Wa pili walirithi tabia bila sababu: hakuna anayesherehekea siku aliyozaliwa Hamisi, na mwaka kwenye karatasi zake haufanani. Wa tatu ndio wanaouliza. Wa nne mara nyingi hawajali, na kutojali kwao kunawaumiza wazee kuliko lawama. Tabia za kizazi cha pili ndizo zenye utamu, kaa hapo muda mrefu.

Kiswahili chenyewe kinakusaidia kuficha, na inasikitisha kuona waandishi hawakitumii. Mtoto wa mama mkubwa wetu ni kaka au dada, basi Hamisi akimwita binti wa Salma "dada", nani atashtuka? Na Salma mwenyewe, mkubwa wa Zuhura, Hamisi kamwita "mama mkubwa" maisha yake yote. Nusu ya jina hilo ilikuwa kweli. Usilieleze hili popote. Liandike mara kumi kwenye mazungumzo ya kawaida, msomaji atalisikia mwenyewe atakaporudi nyuma.

Watu wengi siku hizi hukimbilia kipimo cha vinasaba kama walivyokimbilia shajara. Kitumie, ila ujue kinasema nini. Mwanasayansi Mwingereza Alec Jeffreys aligundua njia ya kutambua watu kwa vinasaba mwaka 1984, kwa hiyo mgogoro wa 1970 hauwezi kuamuliwa nacho. Kaka na dada wa baba na mama mmoja hushiriki karibu asilimia 50. Waliochangia mzazi mmoja tu, karibu 25. Watoto wa ndugu wawili, karibu 12.5. Hamisi na binti wa Salma wakipimwa, familia inatarajia 12.5 na inatoka 25. Lakini 25 hiyo hiyo ni ya babu na mjukuu, na ni ya mtu na shangazi yake pia. Karatasi imesema kuna jambo, haijasema jambo gani. Inabidi watu waketi waulizane, na mmoja wa wanaojua ameshaanza kusahau. Hapo ndipo kipimo kinapokuwa na kazi kwenye riwaya.

Mpangilio. Andika kila mkondo wa wakati peke yake, mfululizo, mwanzo hadi mwisho: ule wa 1957 kwanza, wa 2019 baadaye. Kisha kila onyesho liwe na kadi yake, mwaka juu, jina la mhusika ambaye tunaona kwa macho yake chini, na uzichanganye mezani. Anayechanganya huku anaandika hujikuta amerudia habari ileile mara mbili, au mhusika anashangaa jambo aliloambiwa sura tatu nyuma. Mikondo miwili inatosha. Usimtoe msomaji kwenye mwaka mmoja kabla ya maneno 3,000 hivi, maana kabla ya hapo hajakaa. Na unapomhamisha, sentensi ya kwanza ya sura mpya itaje mtu na kitu cha zama hizo.

Siri ivunje vipande viwili. *Nini* kilitokea kifunguke karibu na katikati ya kitabu. Wasomaji wengi watakuwa wamekwisha kukisia, na hakuna ubaya. *Kwa nini* uiweke hadi robo ya mwisho. Msomaji aliyekisia kwamba Hamisi ni wa Salma anajiona hodari. Hajui bado kwamba Zuhura ndiye aliyeomba mtoto, na kwamba Salma hakuulizwa. Rudi kwenye shuka lile: "Kesho anakuwa wangu." Sentensi ilikuwa mbele ya macho yake muda wote. Dalili ya namna hiyo iwekwe mara tatu, kila mara ndani ya shughuli nyingine, na isipate aya ya peke yake.

Kwa aliyeniandikia: usianze kusahihisha lugha. Jaza daftari la siri kwanza, hata likichukua wiki mbili, kisha ondoa shajara. Kama moyo unakataa kabisa, iache ndani ya kasha, lakini kurasa za mwaka ule ziwe zimechanwa. Halafu amua nani alizichana, alizichana mwaka gani, na kwa nini hakukichoma kitabu chote. Mtu huyo hayumo katika kurasa zako 340. Mwandikie sura.