Barua kwa mwanangu: Fibonacci ni jina la nani?

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia. Unasema kazini kwenu, mnapokadiria uzito wa kazi za programu, kila mmoja hutoa kadi yenye namba: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 20, 40, 100. Kiongozi wenu huziita "Fibonacci". Wewe unauliza jina hilo lina maana gani, na kama mnalitumia inavyopaswa. Jibu la haraka: kadi sita za mwanzo ni zake kweli, tatu za mwisho zimelidandia jina.

Fibonacci ni Leonardo, mtu wa Pisa, Italia. Baba yake, Guglielmo, alikuwa akishughulikia mambo ya wafanyabiashara wa Pisa huko Béjaïa, katika Algeria ya leo, na huko ndiko kijana alikojifunzia kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi, hizi hizi tunazoandika mimi na wewe. Mwaka 1202 akaandika kitabu kinene, Liber Abaci, kuwaonyesha wenzake jinsi tarakimu hizo zinavyorahisisha hesabu za biashara. Humo alijitambulisha kwa Kilatini kuwa "filius Bonacci". Sisi tungesema Leonardo bin Bonacci, ingawa Bonacci ni jina la ukoo, si la baba mzazi. Baadaye maneno hayo mawili yakabanwa yakawa moja: Fibonacci.

Kitabuni mlikuwa na fumbo la sungura. Jozi moja huzaa jozi nyingine kila mwezi, na kila jozi mpya huanza kuzaa katika mwezi wake wa pili. Baada ya mwaka zitakuwepo ngapi? Jibu ni 377, na hesabu za kila mwezi huenda hivi: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, kila namba ikiwa jumla ya mbili zilizoitangulia. Leonardo alilitatua akaendelea na mafumbo mengine. Hakuupa mfuatano huo jina lolote, achilia mbali lake mwenyewe. Aliyelibandika ni mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas, katika miaka ya 1870, zaidi ya karne sita baadaye.

Hata hivyo Leonardo hakuwa wa kwanza, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Wataalamu wa ushairi wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, walikuwa na swali lao. Silabi fupi huchukua pigo moja, ndefu mapigo mawili. Je, mshororo wa mapigo manne unaweza kupangwa kwa njia ngapi? Jaribu mwenyewe: fupi nne, ndefu moja na fupi mbili, ambazo hupangika kwa njia tatu, au ndefu mbili. Jumla tano. Kwa mapigo matano utapata nane. Sababu haina uchawi: mshororo huishia ama kwa silabi fupi, na kinachobaki kimepungua pigo moja, ama kwa ndefu, na kinachobaki kimepungua mapigo mawili. Basi unajumlisha njia za mishororo hiyo miwili iliyopungua. Mmoja wao, Virahanka, aliijua kanuni hii karne kadhaa kabla ya Leonardo, na Hemachandra aliiandika karibu mwaka 1150. (Mizani ya mashairi yetu huzihesabu silabi zote sawa, kwa hiyo kwetu swali hilo lisingezuka.) Wapo wanahisabati wanaoziita namba za Hemachandra, nami siwalaumu.

Sasa matumizi ya jina. Kanuni ya kujumlisha mbili zilizotangulia haitoshi. Mwanzo nao lazima uwe ule ule. Ukianza na 2 na 1 unapata 2, 1, 3, 4, 7, 11, 18. Kanuni ni ile ile, lakini hizo ni namba za Lucas. Kisha wapo wanaoanza kuandika 0, 1 na wapo wanaoanza 1, 1, hivyo namba ya kumi kwa mmoja ni 34 na kwa mwingine 55.

Jina pia husingiziwa mengi. Mizunguko ya mbegu za alizeti mara nyingi huwa kweli 34 upande mmoja na 55 upande wa pili. Lakini ukiambiwa kila kombe la baharini na kila jengo la kale limejengwa kwa Fibonacci, omba kwanza vipimo.

Kadi zenu sasa. Baada ya 13 zingefuata 21, 34, 55, 89. Waliozitengeneza waliweka 20 kwa makusudi, kwa kuwa 21 ingeonekana kama kipimo kamili wakati ni kisio tu. Kinachowafaa ninyi ni zile nafasi zinazotanuka: kutoka 3 hadi 20 kila namba ni takribani mara 1.6 ya iliyotangulia, na 40 na 100 huruka zaidi ya hapo, kwa hiyo kazi ikiwa kubwa hamwezi kubishania tofauti ndogo ambazo hakuna anayezijua. Kwa shughuli hiyo 20 inatosha kabisa.

Kiongozi wako akisema "Fibonacci" mezani, mwitikie tu. Ila siku mtakapoandika programu ya kuzikokotoa, na mtu akataka ile ya kumi, muulize kwanza anaanzia 0 au 1.

Baba yako