Marekani au Morogoro?

SWALI: Anti shikamoo, mi nipo Kirumba Mwanza. Niliomba masta ya mambo ya samaki, SUA Morogoro wamenikubali, chuo kimoja cha Marekani nacho kimenipa nafasi na ufadhili ila wanataka jibu mwisho wa mwezi huu wa tatu, na kile ninachokitaka hasa kimekaa kimya tu. Mama anasema we nenda Morogoro. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usiogope hiyo dedilaini, vyuo vingi vya Marekani vimesaini makubaliano kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15, kwa hiyo cheki kama na hicho kimo kwenye orodha halafu waandikie kwa heshima uombe muda. Ila ni kwa wenye ufadhili tu, asije mtu akakudanganya.

Hicho kilicho kimya kitumie imeili fupi, waambie una ofa mkononi na tarehe yake, siyo usumbufu huo, ndo kawaida yao.

Ila nauliza, umeisoma hiyo ofa vizuri? Wengine wanalipa ada tu, bima na kodi ya nyumba juu yako, na hapo bado ada ya SEVIS, ule mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, viza dola 185, na nauli ya kwenda intavyuu Dar.

Mama naye ana pointi. Kama unataka kufanya utafiti wa sangara, ziwa liko hapa hapa. Morogoro waulize kama unaweza kuahirisha mwaka.