Kujaza upya maganda ya geji 12 nyumbani: nilivyoanza mimi

Mkuu, umesema upo Minnesota, una shotgani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), kila Jumamosi unakwenda klabuni kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na umeshaokota ndoo mbili za maganda matupu ya risasi. Unauliza uanze na mashine gani na utaokoa pesa kiasi gani. Mimi najaza maganda yangu kwenye gereji hapa Ohio, huu mwaka wa saba, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Kwanza karatasi zako. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeko hapa kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa aingie kwenye misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi hana kizuizi hicho. Kujaza risasi za kutumia mwenyewe hakuhitaji leseni ya shirikisho. Ukianza kuziuza, unahitaji. Soma pia sheria za jimbo lako. Na ndugu mnaosoma hapa mkiwa Dar au Nairobi, huko risasi ni jambo la kibali cha serikali, kwa hiyo msichukue maelezo haya mkaanza kujaribu sebuleni.

Sasa pesa. Piga hesabu kwa bei za duka lako mwenyewe. Mfuko wa marisau, zile punje zinazotoka mtutuni, wa ratili 25 ni aunsi 400, maana yake risasi 400 za aunsi moja. Ratili moja ya baruti ni greini 7,000. Tuseme tu, kwa mfano wa hesabu, kila ganda linakula greini 18, unapata kama 388. Fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, zinauzwa kwa boksi la 1,000, na vizibo vya plastiki vinavyokaa kati ya baruti na marisau kwa mfuko wa 500. Ukiagiza baruti na fataki mtandaoni kuna ada ya mzigo wa hatari juu yake, ndiyo maana pale klabuni tunachanga watu wanne watano tunaagiza kwa pamoja. Nilipojumlisha yote hayo, geji 12 ya kawaida ilinitoka karibu sawa na ya dukani ya bei rahisi, na miezi mingine ya dukani ilikuwa nafuu. Wanaookoa pesa kweli ni wa geji 28 na .410, zenye mitutu myembamba zaidi, kwa sababu za dukani ni ghali mno. Kama unaingia kwa ajili ya akiba peke yake, na unapiga geji 12 tu, bora ununue za dukani.

Mimi niliingia kwa sababu ya bega. Nilikuwa napiga risasi 100 kwa siku za aunsi 1 na 1/8, nikirudi nyumbani siwezi kuinua mkono. Nikataka risasi nyepesi ya aunsi 7/8, kama gramu 25 za marisau, na dukani kwangu zilikuwa hazipatikani. Nilipoanza kujaza zangu bega likapona, na visahani vinavunjika vilevile.

Mashine: tafuta MEC 600 Jr. Inatengenezwa Mayville, Wisconsin, imekuwepo miaka mingi, na zilizotumika zinapatikana kwa wazee wanaoacha mchezo. Inajaza ganda moja kwa wakati. Kuna mashine kubwa ambazo kila ukivuta mkono risasi moja iliyokamilika inatoka, usianzie huko. Kwenye hizo mambo sita yanafanyika kwa mpigo mmoja, na mgeni hawezi kuyaangalia yote. Kwenye 600 Jr. unalishika ganda kwa mkono wako kutoka kituo hadi kituo: cha kwanza kinatoa fataki iliyokwisha na kunyoosha kitako, cha pili kinapachika fataki mpya, cha tatu kinaingiza baruti, kisha kizibo, kisha marisau, cha nne kinaanza kukunja mdomo, cha tano kinaufunga.

Babu yangu kule Urambo alikuwa na gobole. Nilikuwa namwangalia akimimina baruti, anashindilia kwa mdeki, anaweka vipande vya chuma, anashindilia tena, fataki inakuja mwisho kabisa. Nilipoiona MEC mara ya kwanza niliona ni kazi ileile, ila imehamia ndani ya ganda. Lakini babu alipima baruti kwa kiganja. Baruti ya gobole ni nyeusi, inasamehe kidogo. Hii ya kisasa isiyotoa moshi haisamehi, na hapa ndipo nataka unisikilize sana.

Resipi huichukui nusu. Watengenezaji wa baruti, kwa mfano Hodgdon na Alliant, wanachapisha resipi zilizopimwa kwenye maabara: ganda la aina hii, fataki hii, kizibo hiki, baruti hii greini kadhaa, marisau uzito huu. Hizo ni sehemu tano, na zote zinashikana. Ukibadilisha fataki tu ukaacha mengine vilevile, shinikizo ndani ya mtutu linaweza kupanda kwa kiasi usichoweza kukisia. Kikomo cha ganda la geji 12 lenye urefu wa inchi 2 na 3/4 ni psi 11,500 (psi ni kipimo cha shinikizo), na resipi nyingine ziko karibu nacho tayari. Kizibo kimekwisha dukani? Tafuta resipi nyingine inayotaja kizibo ulichonacho, usibahatishe kwa sababu rangi inafanana. Na marisau ya chuma hayaingii kamwe kwenye resipi ya marisau ya madini ya risasi (lead). Yana resipi zake na vizibo vyake.

Kwa hiyo zile ndoo zako mbili, zimwage chini uzichambue. Maganda yanafanana kwa nje lakini ndani hayako sawa: mengine yana kitako kirefu, mengine kifupi, nafasi ya baruti inatofautiana. Chagua aina moja, Remington STS au Winchester AA, uibakize hiyo tu. Yaliyopasuka mdomo, yenye tundu lililoungua, au yaliyokanyagwa, tupa.

Kisha nunua mizani. MEC inapima baruti kwa bushi, kijipete chenye tundu, na kuna jedwali linalokuambia bushi fulani inatoa greini ngapi. Jedwali hilo ni makadirio. Bushi yangu ya kwanza ilitoa pungufu ya jedwali kwa zaidi ya greini moja. Dondosha vipimo kumi, ukivuta mashine kwa mwendo uleule utakaoutumia kazini, upime kila kimoja.

Kilichonitisha kilitokea mwaka wa pili. Nilikuwa najaza huku naongea na dada yangu wa Mwanza kwa simu, spika imewashwa. Chupa ya baruti ikaisha sikuona. Ganda moja, labda mawili, yakapata fataki, kizibo na marisau bila baruti. Jumamosi nikaenda klabuni, nikaita kisahani, nikavuta: pfuu. Marisau yakamwagika miguuni kwangu kama mtama. Nilidhani ni risasi dhaifu tu, nikafungua bunduki nichomeke nyingine. Mzee aliyekuwa kituo cha pembeni akapiga kelele nisimame, akaja akaishika bunduki kwa mkono wake. Tukachungulia kutoka nyuma: mtutu hauna mwanga. Kizibo kilikuwa kimekwama katikati. Ningepiga inayofuata, mtutu ungepasuka palepale mkono wangu wa kushoto ulipo. Nilikaa kwenye gari nusu saa kabla sijaweza kuendesha.

Tangu siku hiyo simu haiingii gerejini. Natazama ndani ya kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kizibo, na naangalia kizibo kimekaa kimo gani: kikizama sana, baruti haipo, kikikaa juu, huenda imeingia mara mbili. Zilizokamilika napima chache kwa mizani. Na mlio wowote usio wa kawaida, nasimama, natoa kila kitu, nachungulia mtutu.

Baruti iache kwenye kopo lake. Kopo hilo limeundwa lifunguke likishika moto, lisijenge shinikizo; ukiihamishia kwenye sanduku la chuma linalobana umejitengenezea bomu. Fataki zibaki kwenye trei zake, usizimwage kwenye chupa, moja ikilipuka inawasha zote. Mezani pawe na kopo moja la baruti, na ukimaliza, baruti iliyobaki ndani ya mashine irudishe kwenye kopo lake, maana wiki ijayo hutakumbuka ni ipi. Nawa mikono kabla ya kula, kwa sababu madini ya risasi ni sumu na vumbi lake limo pia kwenye fataki zilizokwisha. Watoto wasicheze pale. Wangu wana miaka minne na saba, kwa hiyo kabati lina kufuli na ufunguo natembea nao.

Mashine ikifika, jaza 25 tu za kwanza, raundi moja ya visahani, nenda nazo klabuni siku yenye watu wachache, piga moja moja. Na kwenye begi weka fimbo ya mbao inayopita mtutuni, huo ndio mdeki wako wa kutolea kizibo kikikwama. Ukishajua ni maganda gani uliyonayo mengi kwenye zile ndoo, yaandike hapa pamoja na baruti inayopatikana dukani kwako, tutafute resipi pamoja kwenye jedwali la mtengenezaji.