Kwa nini shanga za hereni za ringi hukimbilia sikioni

Msomaji ametuuliza: hereni zake za ringi zinapendeza zikiwa mezani, lakini zikivaliwa shanga zinateleza hadi kwenye tundu la sikio, na baada ya muda ringi yenyewe inakuwa yai. Wengi watamwambia atie gundi. Asitie. Supagluu huacha ukungu mweupe kwenye shanga za kioo, na waya ukipinda tu inabanduka.

Kosa huanzia kwenye waya. Unaofaa ni wa milimita 0.8. Ule wa shaba unaochunwa kutoka nyaya za umeme za nyumbani, zile za milimita mraba 1.5, una unene wa karibu milimita 1.4, hilo ni kulitesa sikio. Wa simu ni mwembamba mno, haushiki umbo. Ukipewa waya uliopakwa rangi ya fedha, uliza kama una nikeli, maana ndiyo inayowawasha wengi masikio. Muuzaji asipojua, acha.

Ringi ya kipenyo cha milimita 40 ina mzunguko wa milimita 126 hivi. Kata sentimita 15, kinachozidi kitatosha kitanzi upande mmoja na kindoano upande wa pili. Zungushia waya kwenye chupa iliyo nyembamba kidogo kuliko ringi unayoitaka, kwa kuwa ukiuachia utafunguka. Kunja kitanzi, kisha ulaze juu ya ubao na uugonge taratibu kwa nyundo ya plastiki, pande zote mbili. Kugonga ndiko kunakoukaza waya usiwe yai. Nyundo ya chuma itaubapaza na shanga hazitapita. Na ugonge kabla ya kutunga, kioo hakivumilii nyundo.

Namba ya shanga ni saizi yake, na ikipanda shanga inakuwa ndogo. Shanga namba 8 hupita kwenye waya huo bila shida. Namba 11 nyingi hukwama, na ukilazimisha zinapasuka. Tunga kama 48, ukiacha sentimita 2 tupu upande wa kindoano: hapo ndipo ndewe ya sikio inapokaa. Upande wa kwanza kitanzi kinazuia chenyewe. Upande wa pili, baada ya shanga ya mwisho, bana waya kwa plaizi bapa upate ubapa mdogo, kisha zungusha waya wa milimita 0.3 mara sita juu yake. Bila ule ubapa, mzunguko huo nao utateleza, na hapa ndipo hereni nyingi za sokoni zinapofeli.

Unayetaka namba 11 usizitunge, zifunge. Kata sentimita 60 za waya wa 0.3, anzia katikati ya waya na chini kabisa ya ringi, nusu iende kulia, nusu kushoto. Shanga moja nje ya ringi, mzunguko mmoja, vuta ukaze, shanga nyingine. Ukianzia pembeni kwa waya mrefu utajisokota na kukatika, na pande mbili hazitalingana. Zitaingia kama 58. Ncha za waya zikandamize kwa plaizi zielekee nje, zisije zikamkwaruza mvaaji shingoni.

Kindoano kisuguliwe kwa tupa ya kucha hadi ncha iwe butu, kisha kipitishe kwenye soksi ya nailoni. Kikinasa uzi, sugua tena.