Njia za Karura na viota vilivyo ardhini

Dada, umeuliza kama wakimbiaji na baiskeli msituni Karura, jijini Nairobi, huwadhuru wadudu. Ndiyo, hasa mtu anapoiacha njia. Nyuki wengi hawaishi mzingani: spishi nyingi huchimba viota ardhini, kila jike na shimo lake, mara nyingi jembamba kuliko penseli. Udongo ukishashindiliwa sana, wengi hushindwa kuuchimba, na maji hayazami, yanatiririka juu. Anayekwepa tope kwa kupita pembeni ndiye anayepanua njia. Mvua za masika zikija, ukingo ule hugeuka mfereji na viota vinasombwa. Kwa hiyo pita katikati ya tope, viatu vitafuliwa. Kwenye mteremko usikaze breki hadi gurudumu liburuzike, maana linalima udongo.

Vipepeo waliotua topeni wanafyonza chumvi, wengi wao madume, na sehemu ya chumvi hiyo humfikia jike wakati wa kupandana. Punguza mwendo, wapishe wapae. Siafu wakivuka, ruka safu yao. Na tafadhali, gogo lililooza usiligeuze kuwa kiti wala kulisogeza: ndani mna mabuu ya mbawakawa, ambayo huweza kuchukua miaka kukomaa.